Nyumba Nne za Mwisho

Mbotela, Nairobi
18 Agosti 2024

Mwanangu Nerima,

Pokea salamu zangu, nawe umsalimie Bwire. Mwambie sijamsahau yule jogoo wangu aliyemmaliza peke yake siku waliyokuja kukuposa. Mimi shangazi yako, Senge kwa lugha ya nyumbani, bado nipo. Magoti yanalalamika asubuhi, ikifika jioni yanasahau. Maji ya mfereji siku hizi ni Jumanne na Ijumaa tu. Benta wa mlango wa pili amepata mjukuu wa tatu, msichana, na wamempa jina la bosi wa baba yake, jambo ambalo sijalielewa mpaka leo.

Usinipigie simu. Najua umejaribu, niliona namba yako. Simu yangu imezeeka kuliko mimi, inakoroma tu, na mambo ya simu huisha kabla hayajaanza. Niandikie. Baba yako alipokuwa akifanya kazi reli kule Kisumu tuliandikiana miaka kumi na mmoja na hatukugombana hata mara moja, na wewe unajua Wakoli alivyokuwa mgomvi.

Ile treni ya asubuhi nayo imeacha kupiga honi pale kwenye kivuko. Nadhani wameleta dereva mwenye adabu. Mimi nilizoea kuamshwa na honi hiyo, sasa naamka jua limeshaingia ndani.

Haya, neno lenyewe. Desemba hii natimiza miaka thelathini tangu nianze kuiongoza kwaya yetu ya Krismasi inayopita nyumba kwa nyumba. Tumebaki watu kumi na wanne. Sauti ya nne ipo, ya tatu ipo, ya pili inajikokota. Sauti ya kwanza hatuna. Tuna kina mama wawili wanaopiga kelele kwa moyo mkunjufu. Kwa hivyo nimekunakilia sauti ya kwanza kwa do-re-mi, kama nilivyokufundisha ukiwa na miaka saba, umesimama juu ya kreti ya soda ili ulifikie bango la noti. Ni wimbo ule ule wa mlango wa kwanza. Karatasi imo humu ndani.

Njoo Desemba. Sikuambii ukae. Njoo uimbe asubuhi moja tu, mimi nikiwa bado naweza.

Ni mimi Senge wako,
Nabiswa

*

Kitale
29 Septemba 2024

Kwa Senge Nabiswa,

Nakusalimu kwa heshima. Barua yako ilifika tarehe nne, ikanikuta na sare za shule mpaka kitandani, ndiyo maana nimechelewa. Bwire ni mzima, bado yuko kwenye kinu cha unga. Mahindi yamekauka shambani na tunaomba mvua isirudi kabla hatujavuna. Cherehani yangu ilivunjika mkanda, nimepata mwingine.

Kuhusu Desemba, nilidhani unajua. Ushirika wetu huku hauadhimishi siku hiyo. Mzee Odera, anayetufundisha, anasema tarehe yenyewe haimo katika Maandiko, na kwamba nyimbo zake zimewazoesha watu kumkumbuka Bwana siku moja na kumsahau zote zilizobaki. Hakuna aliyenilazimisha. Nimekubali mwenyewe.

Karatasi ya wimbo nimekurudishia. Sitaki ikae nyumbani mwangu.

Nakutakia afya njema. Magoti uyakande kwa maji ya chumvi.

Nerima

*

Mbotela
13 Oktoba 2024

Mwanangu Nerima,

Salamu. Maji ya chumvi nimeyatumia, magoti yamecheka. Benta anakusalimu. Karatasi yangu nimeipata, umeikunja vizuri kama shati la dukani.

Mwambie Mzee Odera namheshimu sana. Lakini siku yake ya kuzaliwa pia haimo katika Maandiko na bado kila mwaka anazeeka.

Usikasirike, nakutania. Tena huko hamko peke yenu. Jumamosi iliyopita Maingi, mwenyekiti wetu wa mtaa, aliitisha baraza kwa sababu ya kwaya yangu. Mimi nilikaa karibu na Benta, naye akanirudilia yote baadaye, maana watu wa baraza siku hizi wananong'ona kama wanaopanga wizi. Kumbe malalamiko yalikuwa mengi. Mama mmoja wa kanisa jipya la kule karibu na Jogoo Road alisema wao kama nyinyi, hawaitambui siku hiyo. Vijana walisema nyimbo zetu ni za kuzikia watu, wanataka spika kubwa. Kisha akasimama Kiilu, yule bawabu wa ghala, akasema, "Mimi natoka job saa moja asubuhi. Ndio naingia kwa bed, hao nao wako kwa dirisha na ngoma. Hiyo Krismasi ni ya nani, kama mimi silali?" Watu walicheka, lakini mimi nilipoelezwa sikucheka. Ni kweli ngoma ile huwa tunaipigia dirishani pake.

Ilibaki kidogo tupigwe marufuku. Ndipo aliposimama Khalif wa duka. Sijui kama ulipata habari kwamba mama yake alifariki mwezi wa saba. Unamkumbuka mama huyo. Miaka yote ile, tukianza tu wimbo wa kwanza, alikuwa akifungua dirisha na kukaa nyuma ya pazia mpaka tupite, kisha anatutumia birika la chai ya tangawizi. Hakuwahi kutoka nje, na hatukuwahi kumwuliza kwa nini. Khalif alisema hivi, na Benta aliniandikia nyuma ya bahasha ili nisisahau: "Nyinyi huanza na mlango uliofiwa. Mwaka huu uliofiwa ni wangu. Mimi si Mkristo na sitakuwa. Lakini mkinipita, mtakuwa mmempita mama."

Baada ya hapo Maingi akaamua tuimbe kuanzia saa mbili mpaka saa sita, na ngoma isifike kwenye mstari wa nyumba anakoishi Kiilu.

Sasa umeona mambo hayo, Nerima? Mwislamu anaomba mlango wake uimbiwe, na wewe niliyekulea hutaki hata karatasi nyumbani mwako. Nimeandika sentensi hiyo kwa hasira na siifuti.

Najua si Mzee Odera aliyeirudisha karatasi. Kuna jambo tunalizunguka mwaka wa tatu sasa kama watu wanaozunguka shimo usiku. Lianze wewe. Mimi ni mtu mzima na ninaogopa.

Senge wako,
Nabiswa

*

Kitale
24 Novemba 2024

Kwa Senge,

Sisi ni wazima. Pole kwa kufiwa na Mama Khalif, mfikishie pole zangu. Mahindi tumevuna, magunia ishirini na mawili, yako uani yanangoja kupukuchuliwa.

Umesema nilianze mimi. Barua hii nimeiandika mara tano.

Krismasi ya mwaka wa 2021 nilimwacha mwanangu kwa Benta. Alikuwa na miaka miwili na homa kidogo. Wewe ndiye uliyempa jina la baba, Wakoli, na ulikuwa ukimwita "kaka yangu". Tulikuwa kwenye mstari wa mwisho wa nyumba Benta alipotuma mtu kusema homa imepanda. Nilianza kuvua joho. Ulinishika mkono ukaniambia, "Zimebaki nyumba nne, mwanangu. Homa ya watoto hiyo. Tumalize, twende pamoja." Nikaimba nyumba nne. Nakumbuka niliimba vizuri. Katika nyumba ya tatu mwenye nyumba alinisifu sauti. Tulipofika kwa Benta mtoto alikuwa ameshashikwa na degedege, na saa kumi jioni hakuwepo tena.

Mwaka uliofuata mkaja. Nilikuwa jikoni nikasikia miguu ya watu wengi, kisha wimbo ule ule, wa chini chini, bila ngoma, kwa sababu mlango uliofiwa ulikuwa wangu. Ulikuwa umesimama mbele ukiongoza kwa mkono ule ule ulionishika. Nilifungulia redio mpaka mwisho. Mkaimba beti zote. Januari nikamwambia Bwire tuhame.

Nikafika huku, nikakuta watu ambao tarehe ishirini na tano wanapukuchua mahindi. Hakuna mtu anayevaa vizuri, hakuna anayeimba. Siku inapita kama Jumatano yoyote. Unajua raha ya jambo hilo, Senge? Mimi sikuhitaji mafundisho ya Mzee Odera. Nilihitaji mahali ambapo siku hiyo haipo.

Sikulaumu. Nimeandika neno hilo na si kweli. Nakulaumu, na najilaumu mimi zaidi, kwa sababu miguu ilikuwa yangu.

Sitakuja.

Nerima

*

Mbotela
2 Januari 2025

Mwanangu Nerima,

Heri ya mwaka, kama mwaka wenyewe mnautambua huko. Benta ni mzima. Mjukuu wake anaota jino. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma na miwani na bila miwani. Habari ya nyumba nne siwezi kuijibu leo. Kila nikishika kalamu mkono unageuka mbao. Nivumilie kidogo nikueleze siku ilivyokwenda, pengine nikianza na rahisi nitafika kwenye gumu.

Uliandika hutakuja, na mimi nikakungoja hata hivyo. Moyo wa mzee ni mkaidi kuliko punda. Asubuhi nilikaa ndani peke yangu nikipitia bango, kama ninavyofanya kila mwaka. Kwaya ilikuwa imekusanyika dukani saa mbili kasoro. Niliwachelewesha nusu saa, nikisingizia kiatu. Kila mwanamke mwembamba aliyetokea kwenye kona ya Jogoo Road nilidhani ni wewe.

Nilipokuwa natoka nikakuta mfuko wa njugu kwenye kizingiti, kilo mbili hivi, zile nyekundu za kwetu. Nimeuliza mstari mzima na kila mtu amekana. Nimezikaanga na kugawa. Aliyeziacha, Mungu amkumbuke.

Kwa Khalif hatukuimba maneno. Mimi na yeye tulikubaliana kabla. Tulivumisha tu, midomo imefungwa, sauti zote nne. Khalif alisimama kizingitini na funguo za duka mkononi, na dirisha la mama yake alikuwa amelifungua. Mimi niliegemea lile lango la chuma la duka. Sauti ya nne ilipoingia, lango likatetemeka mgongoni mwangu, na hapo nikalia mbele za watu, mimi ambaye huwa nawafokea wanaolia katikati ya wimbo. Baadaye Khalif alileta chai ya tangawizi kwenye birika lile lile. Haikuwa tamu kama ya mama yake, lakini tulikunywa yote.

Kiilu alilala, au alisema alilala. Kanisa jipya lilifunga madirisha na halikugombana na mtu. Sauti ya kwanza waliimba wale kina mama wawili, na watu wanasema haikuwa mbaya.

Hatukumaliza nyumba zote. Siku hizi sizimalizi.

Umalizapo kupukuchua, niandikie hata mistari miwili.

Senge wako,
Nabiswa

*

Kitale
19 Januari 2025

Kwa Senge Nabiswa,

Njugu ulizokaanga ni zangu.

Nilikuja. Sikumwambia mtu wa ushirika, Bwire peke yake ndiye aliyejua. Tarehe ishirini na nne tulikuwa uani tunapukuchua, nikaona vidole vyangu vinafuata mapigo ya wimbo ule. Nilijaribu kuvibadilisha, vikarudi. Bwire alinitazama tu, akasema, "Nenda. Mahindi hayatakimbia." Nikapanda basi la usiku.

Nilifika Mbotela mapema asubuhi ya tarehe ishirini na tano. Treni ilipiga honi pale kwenye kivuko nikiwa napita, honi ndefu, mpaka mbwa wakabweka. Sijui kwa nini unidanganye hata juu ya treni.

Mlango wako ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nilipiga hodi. Nikapiga tena. Nikasogeza pazia kidogo, nikakuona umekaa kwenye kigoda, umenipa mgongo, unatazama bango ukutani na mkono wako unaongoza. Nilipiga hodi ya tatu. Nikasema, "Senge, ni mimi, Nerima." Hatua tatu tu, Senge. Hukugeuka. Ulichofanya ni kuinua mkono ukaufunga ngumi, kama unavyofanya ukitaka sote tunyamaze. Mkono huo nimeutii tangu nikiwa na miaka saba. Nikanyamaza. Nikaweka mfuko chini nikarudi stendi.

Njiani kote nilikuwa nasema, basi, amenijibu. Nilimwambia namlaumu, naye amenijibu. Kisha unaniandikia kwamba uliningoja na kusingizia kiatu. Kama ulitaka kuniadhibu ungeniadhibu tu. Usiniadhibu halafu ukaniandikia mapenzi.

Sitaandika tena mpaka nielewe.

Nerima

*

Mbotela
28 Januari 2025

Nerima, mwanangu,

Leo sina salamu.

Sikukusikia. Sisikii. Nimekuwa kiziwi.

Ilianza Aprili kwa mlio ndani ya sikio, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Nilidhani ni mafua, mpaka maneno ya simu yakaanza kunipotea. Agosti nilipokuandikia kwamba treni imeacha kupiga honi sikukudanganya, nilidhani imeacha kweli. Siku moja nilikuwa nimesimama pale kivukoni, nikaona watu wote wameziba masikio na mimi siisikii honi. Hapo ndipo nilipojua mambo yamefika wapi. Daktari ameandika kwenye karatasi kwamba ni mishipa na haitarudi. Ilipofika Novemba sikio la kulia lilikuwa limekwisha, na Desemba la kushoto likalifuata. Simu haikuharibika. Nilimpa Benta.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka uje kwa kupenda, usije kwa kunihurumia. Niliposema uje nikiwa bado naweza, ndiyo maana yake. Nilitaka kuisikia sauti ya kwanza mara moja tena, na ilikuwa yako niliyoitaka. Wanakwaya wanajua. Ndiyo sababu wamenivumilia. Benta hunigusa bega wakiwa tayari, nami naongoza kwa kutazama midomo.

Asubuhi ile ulinikuta nikiuimba wimbo kichwani, kutoka kwenye bango, toka mwanzo mpaka mwisho. Ile ngumi, mwanangu, ni mwisho wa ubeti wa nne. Wewe mwenyewe unaujua, pana ile noti ndefu, kisha nafunga. Sikukufukuza. Nilikuwa nimefika mwisho, na wewe ulikuwa hatua tatu nyuma yangu ukiniita, na mimi nilikuwa nafikiria kama utakuja.

Sasa lile gumu.

Ni kweli nilikushika mkono. Nilisema zimebaki nyumba nne. Nilisema kwa sababu nilizoea watu kumaliza, na kwa sababu nililea watoto wa watu wengi na homa nyingi hupita. Sina sababu nyingine na hiyo haitoshi. Mwaka uliofuata nilipoileta kwaya mlangoni kwako nilidhani nakuletea faraja, kwa sababu kwa wengine wote ilikuwa faraja. Nilisikia redio. Wakati huo nilikuwa nasikia vizuri sana. Niliimba beti zote kwa kuwa sikujua jinsi ya kuacha, wala sijawahi kujifunza.

Lakini kuna jambo hulijui. Tangu mwaka ule, kwaya haifiki nyumba nne za mwisho. Tukimaliza ile yenye mlango wa kijani, nafunga ngumi, tunageuka tunarudi. Watu wa nyumba hizo waliuliza, kisha wakaacha kuuliza. Wanadhani nimechoka. Krismasi tatu sasa. Sikuziruka ili unisamehe, maana sikuwa nimekusudia ujue. Sikuweza kuzipita tu.

Usiniambie masikio ni adhabu. Nimeshajiambia mwenyewe, na Khalif, nilipomwandikia hivyo kwenye daftari lake la duka, alilikata neno hilo kwa kalamu.

Wewe huimbi tena na mimi sisikii tena. Hakuna kilichobaki cha kugombania. Sikuombi wimbo. Kama ukipenda kuja, njoo. Kama hupendi, nitaelewa, ila uniandikie, kwa sababu barua ndiyo sauti pekee iliyobaki inayonifikia.

Nabiswa

*

Kitale
9 Februari 2025

Senge wangu,

Barua yako nilimsomea Bwire kwa sauti, nikashindwa kwenye mlango wa kijani. Yeye ndiye aliyemalizia.

Nimekaa na wewe moyoni wiki nzima, nikikuona pale kwenye kigoda na mimi mlangoni. Kama ningevuka kizingiti nikakugusa bega. Hatua tatu. Mimi nami nilikuwa na hatua zangu za kumalizia, Senge, na sikuzimaliza.

Sijui kama nimekusamehe. Sitaki kukudanganya kwenye karatasi. Baadhi ya siku naona nimekusamehe, kisha naona mtoto wa miaka mitano akienda shule na sare niliyoishona mimi, nahesabu miaka, inarudi tena. Lakini nimechoka kulibeba hili peke yangu, na wewe umelibeba peke yako, na lilikuwa letu sote wawili.

Mzee Odera nilimweleza yote. Nilidhani atanikemea kwa safari ya Desemba. Aliuliza tu kama una mtu wa kukupeleka kliniki.

Krismasi sitakuja, wala usiingoje. Nakuja Jumatano tarehe kumi na tisa mwezi huu, siku isiyo na jina. Nitakaa wiki mbili. Nitaleta daftari kubwa na kalamu, tuandikiane tukiwa tumekaa meza moja. Ile karatasi niliyokurudishia usiitupe. Sina ahadi juu yake, usiitupe tu. Na tukiwa pamoja nataka tutembee mpaka zile nyumba nne. Hatutaimba. Nataka tuzipite tu mchana, mimi na wewe, mpaka ya mwisho.

Siku hiyo ondoa pazia. Geuza kigoda kitazame mlango, na usihangaike kutega sikio. Nitaingia bila kupiga hodi.

Mwanao,
Nerima